Mali ya Yaeda isiyopimwa kwa gunia

Mkulima wa vitunguu anajua namna ya kupambana na lumbesa. Anaweza kukataa, kusubiri au kutafuta mnunuzi mwingine, kwa sababu mnunuzi akishamaliza gunia la leo ni lazima arudi kutafuta la kesho. Nguvu ya mkulima katika bei iko hapo. Lakini Yaeda Chini, wilayani Mbulu, ipo mali nyingine ambayo mchukuaji akiipata mara moja, tena kijiko kimoja tu, hana haja ya kurudi. Mali hiyo ni jeni za vijidudu waishio katika udongo wa magadi na katika matumbo ya watu na mifugo.

Zamani mtaalamu aliyetaka kujua faida ya kijidudu alilazimika kwanza kumwotesha maabara akiwa hai. Mara nyingi kazi hiyo ilishindikana, maana vijidudu wengi hawaoti nje ya makazi yao. Siku hizi vinasaba huchujwa moja kwa moja kutoka kwenye udongo au kinyesi, mashine ikavisoma, na kompyuta ikatafuta jeni zinazoelekea kuwa na manufaa. Jeni ikionekana, hutengenezwa upya kwa kemikali, kisha hutiwa katika majimaji yaliyokamuliwa kutoka kwenye seli zilizopasuliwa, pamoja na malighafi ya kujengea protini na nishati. Humo hamna seli hai hata moja, lakini protini hupatikana ndani ya saa chache. Ni sawa na mashine ya kusaga iliyotolewa kibandani kwake: ukiitia dizeli na mahindi, unga utatoka. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1961, huko Marekani, Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walitumia majimaji ya namna hiyo, yaliyotokana na bakteria, kuanza kuifumbua lugha ya jeni.

Haya si mambo ya mbali na Yaeda. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba vijidudu wa matumboni mwa Wahadzabe hubadilika kati ya kiangazi na masika, kufuatana na chakula. Mwaka 2023 utafiti mwingine, katika jarida la Cell, ulieleza kuwa vinyesi vya Wahadzabe, pamoja na vya jamii nyingine zilizolinganishwa nao, vilitoa jumla ya jenomu 91,662 za vijidudu na virusi wao, na asilimia 44 kati ya hizo hazikuwamo katika kumbukumbu za awali. Hazikupatikana kwa kuotesha vijidudu, bali kwa kusoma vinasaba. Kisayansi hiyo ni hazina kubwa. Sisemi kwamba kuna aliyeiba. Ninachosema ni kwamba taarifa ya jeni ikishaingia kwenye kompyuta, atakayeitumia kutengeneza bidhaa kesho hahitaji hata kujua Mbulu iko wapi.

Jirani zetu wa Kenya wameyaonja haya. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la nchi hiyo, KWS, lilijitokeza kudai mgawo kutokana na vimeng'enya vya sabuni na vya kufubaza nguo za jinzi. Lilidai kuwa vimetokana na vijidudu waliochukuliwa miaka ya 1990 katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, likiwemo Bogoria. Kudai baada ya bidhaa kufika sokoni ni kazi ngumu. Mwaka 2007 KWS ilibadili mbinu na kuingia mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark, safari hii makubaliano yakitangulia kazi.

Dunia nayo inaanza kulitambua tatizo. Tanzania ilijiunga na Itifaki ya Nagoya mwaka 2018, itifaki inayohusu mgawanyo wa faida za rasilimali za kijenetiki. Na mwaka 2024, katika mkutano wa Cali nchini Colombia, nchi zilikubaliana kuanzisha mfuko ambao kampuni kubwa zinazotumia taarifa za jeni zinatakiwa kuuchangia: asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato. Angalau nusu ya fedha hizo inakusudiwa kuzifikia jamii za asili na za wenyeji. Tatizo ni kwamba mchango huo ni wa hiari, na mfuko wa hiari haufai kuwa tegemeo pekee la mtu wa kijijini.

Wapo watakaosema tudai mamilioni kabla mtafiti hajashuka kwenye gari. Kiuchumi hilo ni kosa. Sampuli nyingi hazizai bidhaa yoyote, na ukiweka bei ya juu mlangoni unamfukuza hata yule ambaye angegundua dawa ya mifugo wako. Cha busara ni kudai kidogo sasa na asilimia baadaye ikiwa kitapatikana cha kuuzwa, pamoja na mafunzo kwa vijana wetu na matokeo kurudishwa kijijini kwa Kiswahili. Muhimu zaidi, mkataba utaje taarifa ya jeni na si chupa ya udongo peke yake. Mkataba unaotaja udongo tu umeuza debe na kusahau mbegu. Sampuli za miili ya watu zina taratibu zake za maadili, nazo zisipuuzwe.

Yaeda inaweza hili. Wahadzabe wa bonde hilo walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi kwa pamoja mwaka 2011, na kupitia Carbon Tanzania wameuza hewa ukaa, bidhaa isiyoonekana kwa macho wala kupimwa kwa gunia. Kilichowezesha biashara hiyo ni hati, mipaka na mkataba.

Basi kila ofisi ya kijiji iwe na daftari la sampuli: nani amekuja, kwa kibali gani, amechukua nini, kiasi gani na taarifa zake zitahifadhiwa wapi. Lisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji kama yanavyosomwa mapato na matumizi. Halmashauri za Mbulu na Hanang zisaidie kwa mwanasheria. Gharama yake ni ndogo. Wafanyabiashara wanaujua usemi huu: mali bila daftari hupotea bila habari.