Usiseme mbegu imechoka, sema inaumwa

Kuna sentensi utaisikia ukipiga simu nyumbani wakati wa mavuno: "Viazi havikufanya vizuri, mbegu imechoka." Inasemwa kwa upole, kama mtu anayekubali kwamba mzee fulani sasa amezeeka. Halafu unaombwa pesa ya mbegu mpya. Na kwa sababu wewe uko Umoja ama Mlolongo, na shamba hulioni, unatuma.

Kabla hujatuma tena, hebu tuongee.

Wazo lenyewe naelewa linatoka wapi. Viazi vitamu, mihogo, miwa na ndizi havipandwi kwa punje. Unakata kipande cha shina ama unang'oa chipukizi, unapanda, msimu ujao unakata tena. Watu wanaona ni kama fotokopi: ukitoa kopi ya kopi ya kopi, mwishowe maandishi hayasomeki. Na si wazo la kijijini tu. Mwaka wa 1795 Mwingereza Thomas Andrew Knight, mtu aliyejua matunda sana, alidai kila aina ya tofaa ina umri wake, na hata ukiunganisha tawi lake kwenye mti mchanga, uzee unalifuata.

Lakini mfano wa fotokopi umekosea. Ukikata shina na kulipanda, hujachapisha mmea mwingine. Ni ule ule, umeuhamisha tu. Ncha yake ilikuwa ikitengeneza seli mpya kabla hujaikata, na itaendelea baada ya kuipanda. Kule Utah, Marekani, kuna msitu unaoitwa Pando: mashina karibu 47,000, yote mti mmoja unaochipuka kutoka kwenye mizizi yake kwa maelfu ya miaka. Hapa kwetu, enda Kericho uulize kuhusu majani chai ya 6/8. Imezalishwa kwa vipandikizi kwa miongo, kipande cha shina na jani moja, na bado inachumwa. Kama kukatwa kunachosha, ingekuwa imezimia kitambo.

Basi mbona mavuno yanashuka? Maana yanashuka kweli, simwiti mama yako mwongo.

Fikiria ile flashi ya kupeleka kazi saiba. Faili yako haichoki kwa kuhamishwa. Lakini flashi ikipita kwenye kompyuta kumi inarudi na virusi, na kila mashine utakayoichomeka inaambukizwa. Shina la kiazi kitamu ni hiyo flashi. Vidukari wanaleta virusi vya aina moja, nzi weupe wanaleta vya aina nyingine, na vikikutana ndani ya mmea mmoja vinasaidiana. Majani yanapauka na kujikunja, mmea unadumaa, na mavuno yanaweza kushuka kwa zaidi ya nusu. Mmea unaoota kutoka kwa punje huepuka virusi vingi vya mama yake. Shina halina bahati hiyo: ukikata kipande, umebeba na ugonjwa.

Unataka ushahidi? Mwaka wa 1952 Wafaransa Georges Morel na Claude Martin walichukua ncha ndogo sana ya dahlia, ua lililokuwa na virusi, wakaikuza maabara. Walipata dahlia safi, kwa sababu virusi mara nyingi huwa havijafika kwenye ncha kabisa. Mmea ulikuwa ule ule. Kama shida ingekuwa uzee, ncha ingezeeka pia. Kazi ya aina hiyo ndiyo iliyotuletea ndizi za tishu kalcha, na ndiyo KEPHIS hufanya Muguga kusafisha mihogo na viazi vitamu.

Sasa hapa ndipo nitakosana na wengine. Wadudu wanaleta ugonjwa, lakini sisi ndio tunauchagua. Angalia waru: kubwa zinaenda soko, za kati zinaingia sufuria, zile ndogo ndogo zinabaki mbegu. Na ndogo mara nyingi zinatoka kwa mmea uliokuwa unaumwa. Fanya hivyo misimu minne halafu useme mbegu imechoka!

Neno hilo linatugharimu. Linakufanya utupe aina ambayo shosho amelima miaka thelathini, inayovumilia jua la kwao na ambayo ladha yake unaijua, ununue mpya. Ile mpya, hata ikiwa Kabode, inapandwa kando ya shamba lenye ugonjwa, na baada ya misimu michache nayo "imechoka". Wanaouza mashina mtandaoni wanakuuzia jina na picha ya kiazi kikubwa. Wangapi wanaulizwa mashina yametoka shamba gani?

Kuna hoja moja ya kweli upande wa pili. Shamba likijaa mmea mmoja, lina udhaifu mmoja. Ndizi ya Gros Michel ilitawala biashara ya dunia hadi ugonjwa wa Panama ulipoiangusha karne iliyopita, Cavendish ikachukua nafasi. Lakini hata hapo hakuna kilichochoka. Fangasi ilipata mmea usio na kinga, na yote ilikuwa huo mmoja. Dawa yake ni kupanda aina kadhaa, ya shosho ikiwemo.

Kwa hivyo ukituma pesa, tuma na maswali. Mashina yanatolewa kwa mmea gani? Uliwekewa alama mapema, majani yakiwa mazima, ama ni yale yaliyobaki baada ya kuvuna? Iliyoonyesha ugonjwa iling'olewa? Kuna kitalu kidogo chini ya neti, mbali na shamba la zamani, ili wadudu wasifike? Na kama shamba lote limeathirika, nunua mbegu iliyokaguliwa, uitunze hivyo hivyo tangu siku ya kwanza. Huhitaji digrii kuuliza haya. Mimi niliacha chuo na ninayauliza.

Swali la "inaumwa nini?" lina jibu, na jibu liko pale shambani. "Imechoka" haina jibu, ila M-Pesa nyingine.