Mfanyakazi si Sehemu ya Mtambo

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Mfanyakazi wa kiwanda cha nguo hachumi juani. Huchuma ndani, chini ya bati, katikati ya vumbi la pamba na ngurumo za mitambo. Twauliza: kivuli chake ki wapi?

Wako wanaojibu upesi kwamba kivuli chake ni mshahara. Hatukatai. Mshahara usiotosha unga na kodi ya nyumba humvunja mtu moyo kabla hajafika langoni. Lakini mshahara huliwa nyumbani. Humo kiwandani mfanyakazi huishi kwa mambo mengine matatu: hewa, saa na kauli.

Tuanze na hewa. Vumbi la pamba huleta maradhi ya mapafu, na dalili yake ya kwanza ni kifua kubana siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko. Mtu akikaa katika vumbi hilo miaka mingi, kifua hakingoji tena Jumatatu; humbana kila siku. Msimamizi asiyejua haya humwita mgonjwa mvivu, au humdhania ulevi wa Jumapili. Dawa ni kuliondoa vumbi penye mtambo, na kumpima mfanyakazi mapema.

Ama kuhusu saa, sheria ya Tanzania imekwisha kusema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha kawaida cha saa 45 kwa wiki. Afanyaye kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya saa nzima. Na saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu. Lakini sheria haina miguu. Hutembezwa na wafanyakazi wanaoijua, wakiwa pamoja katika chama chao.

Mwisho ni kauli. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno na uonevu. Katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa walisimamisha kazi, na malalamiko yao hayakuwa ya fedha peke yake. Walichoka kutukanwa na kudharauliwa. Funzo hilo halijachakaa.

Wajibu hauna upande mmoja. Mfanyakazi naye awahi kazini, autunze mtambo na asiibe saa za wenzake. Lakini meneja anayetaka nguo nyingi na njema ashuke ofisini, asimame penye mitambo zamu nzima, avute hewa wanayoivuta wenzake. Kisha awaulize wanaona nini kirekebishwe, na awasikilize. Mtambo hutiwa mafuta ndipo uende. Binadamu hutaka heshima.