Kiharusi: Maarifa Yasisubiri Mashine

Kiharusi hutokea pale sehemu ya ubongo inaponyimwa damu kwa ghafla. Ama mshipa wa damu huzibwa na bonge la damu, ama hupasuka na damu ikamwagika ubongoni. Katika hali zote mbili dalili hufanana: uso hupinda upande mmoja, mkono au mguu hulegea, na usemi huharibika. Mshipa mkubwa unapozibwa, seli za neva zikadiriwazo kuwa milioni 1.9 hufa kila dakika.

Ugonjwa huu si wa nchi tajiri peke yake. Utafiti uliofanywa nchini Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha kwamba, tofauti za umri zikisha kusawazishwa, watu wapatao 109 katika kila 100,000 walipata kiharusi kwa mwaka katika eneo la Hai, Kilimanjaro. Katika eneo la Ilala, jijini Dar es Salaam, idadi hiyo ilifikia 316. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2008, uliona kwamba wakazi wengi wa Dar es Salaam walikihusisha kiharusi na majini au uchawi, wakaanzia kwa waganga wa jadi. Watu wa Hai walikihesabu kuwa ugonjwa wa mwili, wakaanzia hospitali. Kumbe kuishi jirani na hospitali kubwa si dhamana ya kuwahi matibabu.

Ni rahisi kuwalaumu wananchi na kuishia hapo. Lakini mgonjwa wa Mbagala, Chamazi au Bunju, hata akiwahi, hupokelewa kwanza na daktari au tabibu wa zamu katika kituo kilicho karibu. Mpokeaji huyo akidhani kwamba ni malaria kali au ulevi, muda wote uliookolewa na jamaa za mgonjwa hupotea.

Muda huo una thamani kubwa. Mwaka 1995 ilithibitishwa kwamba dawa ya kuyeyusha bonge la damu humfaa mgonjwa akiipata katika muda wa saa 3 tangu dalili zianze. Mwaka 2008 muda huo ulionekana kuweza kufikia saa 4 na nusu. Hata hivyo, hapana budi kwanza ubongo upigwe picha kwa mashine ya CT, maana dawa hiyo akipewa mtu aliyepasukiwa na mshipa yaweza kumwua.

Wako wanaosema kwamba, maadamu mashine na dawa hizo ni ghali na hazipatikani kila mahali, kuwafundisha kiharusi madaktari wa pembezoni mwa Kinondoni na Temeke ni kazi bure. Hoja hiyo haina msingi. Kumwuliza aliyemleta mgonjwa ni saa ngapi mara ya mwisho alionekana mzima hakuhitaji mashine. Kupima sukari ya damu ni kazi ya dakika moja, nako kwaweza kufichua upungufu wa sukari, ambao huiga kiharusi na hutibika papo hapo. Kutoishusha kwa pupa shinikizo la damu ni maarifa matupu: ubongo ulionyimwa damu hutegemea msukumo huo huo. Kadhalika kupima kama mgonjwa aweza kumeza, kabla ya kumpa chakula au vidonge, humkinga na nimonia. Zaidi ya yote, anayekitambua kiharusi hupiga simu mapema katika hospitali yenye mashine, ili mgonjwa afikapo asubiriwe.

Mwaka 2010 Hospitali ya Muhimbili ilifungua idara ya tiba ya dharura, na mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo yakaanza. Hiyo ni hatua kubwa, lakini mabingwa hawawezi kukesha katika kila zahanati. Yafaa basi kila daktari, tabibu na muuguzi wa zamu afundishwe mambo haya machache na kukumbushwa kila mwaka.

Shule za sekondari nazo zina sehemu yake. Mwalimu wa baiolojia afundishapo mzunguko wa damu anaweza kuzieleza dalili tatu za kiharusi. Mwanafunzi akiona uso wa babu yake umepinda, na aitazame saa, aiandike, kisha aharakishe msaada. Hilo ndilo swali la kwanza ambalo daktari mwenye maarifa atamwuliza.