Ule muziki wa mchezo unatoka wapi?



Juma lililopita, kisha mkutano, mama mmoja alituvuta kando. Kijana wake wa miaka 14 anajifungia chumbani usiku na kusikiliza kwenye simu muziki ambao si wa kanisa wala si rumba: sauti nzito za korali, ngoma, kimya, halafu mwanamke anaimba kama anayelia. Majirani wamekwisha kumwambia kwamba ni muziki wa mashetani, ampeleke mtoto kwenye chumba cha maombi akafunguliwe. Mama alitaka kwanza kujua mwalimu anasema nini. Alifanya vizuri kuuliza, maana mtoto akikwisha kupewa jina la namna hiyo mtaani, kulifuta ni kazi.

Tuliomba jina la muziki. Kijana alituandikia kwenye karatasi: Final Fantasy XIV. Ni mchezo wa intaneti, wa hadithi za mazimwi na wachawi wa kubuni. Binamu yake wa Ubelgiji anaucheza, naye anamtumia nyimbo zake. Basi hapa hatukuti pepo. Tunakuta watunzi wawili Wajapani.

Wa kwanza ni Nobuo Uematsu. Piano alijifundisha mwenyewe. Alikuwa anafanya kazi katika duka la kukodisha muziki kule Tokyo, ndipo kampuni ya Square ikamwomba awatungie. Final Fantasy ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Mashine za siku zile ziliweza kutoa sauti chache tu kwa mara moja, hakuna orkestra, hakuna waimbaji. Kwa hiyo wimbo wenyewe ulipaswa kushika sikio. Mama anayebembeleza mtoto huku mikono iko kwenye maji ya kufulia anaelewa jambo hilo.

Mchezo wa XIV ulitoka 2010 ukashindwa kabisa. Mwaka 2012 wakaufunga, na katika hadithi mwezi mmoja ukaanguka na kuharibu dunia ile. Uematsu ndiye aliyetunga wimbo wa maangamizi hayo, unaitwa « Answers », na mwimbaji ni Susan Calloway. Huyo ndiye mwanamke anayelia kwenye simu ya kijana wetu.

Mchezo ulirudi 2013 ukiwa mpya. Tangu hapo muziki wake uko zaidi mikononi mwa Masayoshi Soken. Huyu anachanganya bila haya: mahali hapa violini na korali, pale piano peke yake, na vita vikianza gitare za umeme zinapiga roki. Melodia uliyoisikia mwanzoni inarudi baada ya saa nyingi, imepunguzwa mwendo, na mchezaji anakumbuka aliyekufa katika hadithi. Korali zetu nazo zinajua kurudisha kiitikio hivyo.

Tuwaambie na jambo moja ambalo wamama wengi hawalijui. Wimbo wa vita katika mchezo hauna mwisho. Unapofika mwisho unajiunga na mwanzo wake, sikio lisitambue, mpaka vita viishe. Na kwa kuwa wachezaji wanakuwa pamoja, mara nyingi wanne au wanane, hakuna anayeweza kusimamisha mchezo kwa ajili ya mama aliye mlangoni. Akitoka, anawaacha wenzake. Basi kwa wale ambao watoto wao wanacheza kabisa, kusema « zima sasa hivi » kunaleta ugomvi wa bure. Mpatane kabla ya kuanza: vita viwili, halafu masomo. Na mega za intaneti zihesabiwe pia, kwa sababu hazinunuliwi kwa melodia.

Kuhusu Soken, kuna habari iliyotugusa. Mwezi wa tano 2021, mbele ya wachezaji wa mchezo huo, alisema kwamba mwaka uliopita alikuwa amelazwa hospitali kwa ugonjwa wa kansa. Wenzake wachache tu ndio walijua. Aliendelea kutunga akiwa kitandani, na wimbo mmoja wa vita, « To the Edge », ulitoka humo hospitalini. Mkubwa wake wa kazi, Naoki Yoshida, alilia mbele ya watu wote.

Tulimwomba yule mama aketi na kijana wake, amsikilizishe wimbo mmoja na kumweleza hadithi yake. Nusu saa tu, mlango ukiwa wazi. Jumapili alirudi kwetu. Alisema gitare zile zinamuumiza kichwa na hatabadili mawazo juu ya hilo, lakini ule wa piano aliomba urudiwe. Kwenye chumba cha maombi hakumpeleka.

Kisha akatuuliza: « Yule mgonjwa wa Japani, alipona? »

Ugonjwa ulitulia, mama. Bado anatunga.