Dereva huyu hahitaji karipio
Na Rehema Kibwana

Mama mmoja msomaji wa safu hii, mkazi wa Tabata, ameniuliza swali ambalo nadhani wazazi wengi wanalo moyoni. Kijana wake ana miaka 19, alipimwa akaambiwa ana ADHD, na sasa anataka kwenda kujifunza udereva. Baba mtu amekataa katakata. Mtoto asiyeweza kumaliza kuosha vyombo bila kupotelea kwenye jambo jingine, anasema, atakabidhiwaje usukani? Mama anauliza: wamruhusu au wamzuie?

Nasema wamruhusu. Ila asifundishwe kama wanavyofundishwa wenzake, na wala wasidhani kwamba kumwambia "uwe makini" kila anapotoka getini ni kumfundisha chochote.

Hofu ya baba si ya bure. Watafiti wa hospitali ya watoto ya Philadelphia, Marekani, walipekua kumbukumbu za leseni na ajali za vijana wa jimbo la New Jersey, na mwaka 2017 wakatoa matokeo: madereva wapya wenye ADHD walikuwa katika hatari ya kupata ajali iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 36. Ni tofauti kubwa, nami sitaki kuipunguza. Ninachopinga ni namna tunavyoielewa.

ADHD ni hali ya ubongo, na kwa sehemu kubwa hurithiwa. Mwenye hali hii umakini anao, tena mwingi, ila hauji kwa kuitwa. Kwenye foleni ya Buguruni saa 12 jioni, bodaboda zinapita kulia na kushoto, daladala inachomekea, anaweza kuwa macho kuliko dereva yeyote aliye karibu naye. Mtoe hapo umpeleke barabara ya Chalinze kwenda Segera mchana wa jua kali, lami imenyooka, hakuna kinachotokea. Hatari yake iko huko. Macho yanatazama mbele, mikono iko kwenye usukani, na kichwani anapanga maneno atakayomwambia bosi wake Jumatatu. Lori lililokuwa kule mbali limeshafika. Au simu imetoa mlio mmoja tu mfukoni. Hajaigusa, lakini kule kujua kwamba kuna ujumbe unaosubiri kumeshamchukua. Halafu kuna papara. Kukaa nyuma ya tela linalopanda mlima kwa mwendo wa konokono kunamuuma mwilini, na anajikuta ameshatoa gari kuovateki kabla hajapima kama barabara inaruhusu.

Asiyeyajua haya huona kiburi. Ndiyo maana watoto hawa hukua wakisomewa "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", na siku guu likivunjika kweli, ndugu hutikisa vichwa. Nimekutana na watu wazima, wenye kazi na familia, wanaoamini kabisa kwamba wao ni wabovu tangu kuzaliwa. Dereva anayejiona mbovu hatafuti mbinu. Anajilaumu, anaahidi kubadilika, kesho anaendesha vilevile. Nasi tukishasoma kwamba chanzo cha ajali ni uzembe wa dereva, tunafunga mjadala bila kuuliza uzembe wenyewe ulianzia wapi.

Utafiti ulionipa moyo kuliko yote ulifanyika Cincinnati, Marekani, na kuchapishwa Desemba 2022 katika jarida la New England Journal of Medicine. Jeffery Epstein na wenzake walichukua vijana 152 wenye ADHD, wa kati ya miaka 16 na 19. Kundi moja lilifunzwa kwa kompyuta na kwa mashine inayoigiza uendeshaji wa gari: kijana akiondoa macho barabarani kwa zaidi ya sekunde 2, king'ora kinalia. Hakuna hotuba wala lawama. Kisha magari ya vijana wa makundi yote mawili yakafungwa kamera kwa mwaka mzima. Kati ya mishtuko ya gari iliyonaswa, iliyohusu ajali au kukoswakoswa ilikuwa asilimia 3.4 kwa waliofunzwa hivyo, na asilimia 5.6 kwa wengine.

Sekunde 2 si muda wa kuchezea. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, ndani ya sekunde hizo limekwenda mita 28. Kwa kilomita 80, mita 44. Mtoto aliyekuwa ukingoni mwa barabara ameshafika katikati.

Vyuo vyetu vingi vya udereva havina mashine zile, lakini zoezi lenyewe linawezekana hata kwenye gari lenye kibao cha L. Mkufunzi aliyekaa kiti cha kushoto ahesabu kwa sauti kila macho ya mwanafunzi yanapoangukia redio, simu au kitu kilicho nje: moja, mbili. Afanye hivyo kila siku, bila ukali, mpaka jicho lizoee kurudi lenyewe. Sijui kwa nini tunatumia saa nyingi kufundisha kurudi nyuma kwenye vigingi na hatutengi hata robo saa kufundisha macho.

Namfahamu dereva mmoja wa taksi ya mtandaoni, aliyegunduliwa kuwa na ADHD akiwa na umri wa miaka 34. Nimepanda gari lake mara nyingi na napenda kumtazama anavyojiandaa. Injini bado imezimwa. Anarekebisha kiti, kisha kioo cha kati, kisha vya pembeni. Simu ya kazi inapachikwa kwenye stendi, ramani imeshafunguliwa, sauti imewashwa. Simu yake binafsi inazimwa na kuwekwa kwenye buti, siyo kwenye droo ya dashibodi, kwa sababu droo mkono unaifikia. Redio inachaguliwa hapo hapo na haiguswi tena mpaka mwisho wa safari. Tukishaondoka, anataja kwa sauti ya chini anachokiona: bodaboda kushoto, mama na mtoto, taa ya njano. Abiria wengine hudhani anasali. Mwenyewe anasema mdomo ukiwa barabarani, akili nayo haina pa kwenda.

Kuhusu gari lenyewe, magari mengi ya mitumba tunayoyaleta kutoka Japani ni otomatiki, na kwa wengi wetu hiyo ni nafuu. Kwa kijana huyu, gari la gia za mkono linaweza kumfaa zaidi. Mwaka 2006 Daniel Cox na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwajaribu vijana wa kiume wenye ADHD kwenye mashine ya kuigiza, wakaona kwamba klachi na gia viliwashikilia kwenye kazi yao kuliko otomatiki. Vijana hao walikuwa 10 tu, kwa hiyo haitoshi kuwa sheria, lakini inatosha kuwa sababu ya kujaribu.

Na dawa je? Utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 2017, uliohusisha wagonjwa zaidi ya milioni 2.3, uliwalinganisha watu na wao wenyewe: miezi waliyotumia dawa, hatari ya ajali za gari ilikuwa chini kwa asilimia 38 kwa wanaume na 42 kwa wanawake. Hata hivyo dawa inayotumika zaidi, methylphenidate, iliombewa nafasi kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 na tena 2021, ikakataliwa mara zote mbili. Naona uchungu nikifikiria familia zinazozunguka duka kwa duka zikiitafuta.

Aliyeipata ajue kwamba kidonge chake cha kawaida hufanya kazi kwa muda wa saa 4 hivi. Kilichomezwa asubuhi hakipo tena kichwani wakati wa kurudi nyumbani, nasi wengi humweleza daktari habari za darasani na ofisini, barabara tunaisahau. Anayefunga duka Kariakoo na kuendesha saa 3 usiku aliseme hilo kliniki, ili daktari apange dozi akijua kuna safari ya usiku. Asijiongezee mwenyewe. Na siku ambayo dawa imemwishia, apande daladala.