LAZIMA, SHURUTI NA HIARI

Ndugu wanachama, yako maneno ambayo mwenye nguvu huyapenda kwa sababu huuficha mkono wake. Leo twataka kuyatazama machache, kwani mtu asiyejua jina la anachotendewa hawezi kukikataa.

Sharti, kwa asili, ni jambo linalotangulizwa kabla ya mapatano. Ukiwekewa sharti waweza kulikubali, ama kulikataa ukaenda zako. Lakini neno lilo hilo, likitoka kinywani mwa mwenye nguvu, hugeuka shuruti, wala hapo hapana tena pa kwenda. Kadhalika, kulazimika si kulazimishwa. Mvuvi hulazimika kurejea pwani kwa sababu ya dhoruba, na hapana wa kulaumiwa. Lakini aliyelazimishwa, yuko aliyemlazimisha. Asemaye "watu walilazimika kuhama", na hali waliamrishwa, amemwondoa mtenda katika maneno. Na asiyetajwa hahukumiwi.

Mfano wa haya uko bara. Msafiri ashukaye Makambako, kwenye njia panda ya Mbeya na Songea, leo huona mji wa biashara. Lakini zamani za Waingereza, nchi ile ya Njombe ilitoa vibarua wengi kwenda mashamba ya mkonge ya mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Aliyeandikishwa alipewa namba, na vibarua hao wakaitwa manamba. Walihesabiwa kuwa watu wa mkataba, na mkataba maana yake ni ridhaa. Twauliza: ridhaa gani? Kodi ilitakiwa kwa fedha, na kazi ya fedha karibu na nyumbani ilikuwa haba. Aliyetoroka kabla ya kutimiza mkataba aliweza kushitakiwa kama mhalifu. Hakufungwa kamba, lakini njia nyingine zilikwisha zibwa. Na katika Vita Kuu ya Pili hata pazia hilo liliondolewa, watu wa Tanganyika wakachukuliwa kwa amri kwenda kufanya kazi mashambani.

Uhuru ulikuja, lakini mchezo wa maneno haukwisha. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Ujamaa Vijijini, alieleza kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kuundwa kwa kuwalazimisha watu. Novemba 1973 akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Mwaka 1974 kazi ya kuwahamisha watu ilifanyika katika Mkoa wa Iringa, ambao Njombe wakati huo ilikuwa wilaya yake. Jambo hilo liliitwa operesheni. Lakini hata mgonjwa huulizwa kabla ya kupasuliwa.

Wala tusidhani kuwa haya ni ya bara peke yake. Hapa kwetu, sheria ya mwaka 1897 ilifuta utumwa mbele ya mahakama, lakini ilimtaka aliyeachwa huru aonyeshe makazi na njia ya kujipatia riziki, asije akahesabiwa mzururaji. Mlango ulifunguliwa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukaushika.

Hatusemi kwamba kila lazima ni dhulma. Kodi ya haki, iliyopitishwa na wawakilishi wa watu na kutozwa wote kwa kipimo kimoja, ni lazima, na ni halali. Tofauti yake ni kwamba huitwa kwa jina lake, aliyeiweka hujulikana, na wananchi waweza kumwondoa kwa kura. Kinachotuchukiza ni lazima iliyovishwa kanzu ya hiari: mchango wa kujitolea wenye orodha ya majina ya wasiotoa.

Nasi chamani tujihadhari. Tukimwandikia mwanachama mchango asiouahidi, au tukimtisha asiyefika mkutanoni, tutakuwa tumejifunza yale yale tunayoyapinga.

Basi, ndugu, mkiambiwa kwamba jambo fulani ni la hiari, ulizeni swali moja tu: asiyetaka atafanywa nini? Likijibiwa kwamba hatafanywa kitu, hiyo ni hiari. Likijibiwa kwa vitisho, au kwa kimya, mmekwisha kujua. Wazee walisema hiari yashinda utumwa. Lakini kwanza iwe hiari kweli.