Ufa wa Sakafu Usifichwe kwa Saruji Mpya



Familia zinazotoka Nakivale kuja kutafuta nyumba hapa Ruti huja na akiba ya miaka mingi: faida ya kibanda cha duka, mahindi na maharage yaliyouzwa, na fedha za ndugu aliye ng'ambo. Nyumba yenyewe mtu huinunua mara moja tu. Ndiyo maana linatuudhi jambo hili: muuzaji akisikia mteja anakuja, humwita fundi apake saruji mpya sakafuni, na mteja akifika huisifu inavyong'aa. Sisi tunasema, sakafu mpya ndani ya nyumba ya zamani iulizwe maswali kabla ya shilingi moja kutoka mfukoni.

Si kila ufa ni ubaya. Zege linapokauka hupoteza maji na kusinyaa, hasa fundi asipolimwagilia siku za mwanzo. Mistari myembamba kama unywele, isiyofika milimita moja, pande zake zikiwa sawa, haina neno. Mnunuzi anayeitumia kumtisha muuzaji ili ashushe bei naye anadhulumu.

Ufa wa kuogopa ni ule unaotembea. Pitisha kidole juu yake: upande mmoja ukiwa juu kuliko wa pili, ujue udongo wa chini umeshuka au umeinuka. Ufuate hadi ukutani. Ukipanda kwa mshazari kuelekea kona ya dirisha, na mlango nao haufungi vizuri, huenda msingi wenyewe umeguswa. Gonga sakafu kwa fimbo. Ikilia kama debe tupu, ama chini pana uwazi ama tabaka la juu limeachana na zege.

Chanzo mara nyingi kiko chini, macho hayakioni: kifusi kisichoshindiliwa, choo cha shimo kilichofukiwa, udongo laini wa migomba ambao haukuondolewa, au mfinyanzi wa mabondeni unaovimba wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi. Na wengine wetu tunakumbuka tetemeko la 10 Septemba 2016 lililoipiga Bukoba, ng'ambo ya mpaka, kipimo 5.9, likahisiwa hadi Uganda. Waulize majirani wazee: hapa palikuwa na nini kabla ya nyumba? Ufa huu ulianza lini? Jirani hana kamisheni.

Usiende kuangalia mara moja tu. Weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha mbili za ufa, pima upana kwa rula (hata kijana wa sekondari anaweza kazi hii), piga picha kwa simu, kisha urudi baada ya mvua kubwa kadhaa. Dalali atakwambia kuna mteja mwingine mwenye fedha taslimu. Mwache huyo mteja anunue.

Tunakumbuka kisa kilichopokewa katika Sahih Muslim: Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini asiuweke unyevu juu watu wauone, kisha likafuata onyo kali kwa mdanganyifu. Ufa uliofunikwa siku mbili kabla ya kuuza ni nafaka ile ile. Mafakihi nao wamempa mnunuzi haki ya kurudisha kitu akigundua kasoro ya zamani aliyofichwa.

Wapo watakaosema, "Nimekarabati, kosa langu nini?" Ukarabati ni kufukua, kutoa udongo mbaya, kushindilia na kumwaga zege upya, tena kumweleza mnunuzi. Kuziba juu na kunyamaza ni jambo jingine kabisa.

Asiye raia akumbuke pia kwamba Sheria ya Ardhi ya 1998 inamruhusu kukodi ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Amwone mwanasheria mapema. Mkataba ukiandikwa mbele ya mwenyekiti wa LC I na mashahidi, kasoro nayo iingie humo. Sentensi moja yatosha: sebuleni kuna ufa wa mita mbili, muuzaji ameuonyesha, mnunuzi ameuona.